Jinsi ya Kueleza Mchezo Ulioutengeneza kwa Ajili ya Utafiti

Kuna sentensi ambayo wasimamizi wa tasnifu hukutana nayo mara kwa mara wanapofungua sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti: "Washiriki walicheza mchezo wa tableti uliotengenezwa na mtafiti." Baada yake huja picha moja ya skrini, kisha matokeo yanaanza. Msomaji haambiwi washiriki walifanya nini, walielezwa nini, wala walilipwa kwa msingi gani. Hajui namba zilizojaa kwenye majedwali ya sura ya nne zilitokana na kidole kugusa kitu gani. Hojaji tunaiambatisha neno kwa neno, hadi nafasi za kutia alama. Mchezo nao ni kipimo, na tena kipimo chenye sehemu nyingi kuliko hojaji. Unastahili uangalifu huohuo.

Mwongozo huu ni wa mtafiti ambaye mchezo wake hauuzwi dukani: aliubuni mwenyewe au alimlipa kijana wa kuandika programu amtengenezee. Lengo ni moja. Mtu aliye Eldoret au Mombasa, ambaye hajawahi kukuona wala kukupigia simu, asome maelezo yako na aweze kuujenga mchezo upya, hata kwa karatasi na penseli. Akishaweza hivyo, anaweza pia kukupinga kwa haki pale anapodhani mchezo haupimi unachosema unapima.

Nairobi ina sababu zake za kulitilia maanani jambo hili. Busara Center for Behavioral Economics, kituo kinachochunguza jinsi watu wanavyofanya maamuzi ya kiuchumi, ilifungua maabara yake jijini mwaka 2012, ikawaalika wakazi wa Kibera na wanafunzi wa chuo kikuu kufanya maamuzi kwenye skrini za kugusa, ili hata asiyesoma kwa urahisi aweze kushiriki. Leo mwanafunzi wa uzamili mwenye kompyuta ya kawaida na programu za kutengenezea michezo kama Godot au Unity anaweza kuunda mchezo wake mwenyewe. Ni jambo jema sana. Lakini kila mchezo wa aina hiyo ni mpya, hakuna mwingine aliyewahi kuucheza, na maelezo yako ndiyo yote atakayokuwa nayo msomaji.

Anza kuandika kabla mchezo haujakamilika

Fungua daftari la mabadiliko siku ileile unapochora skrini ya kwanza. Andika tarehe, kilichobadilika, na sababu. Ukigundua kwenye majaribio kwamba watu hawakioni kitufe cha kuthibitisha na ukakisogeza, andika. Ukipunguza raundi kwa sababu watu walichoka, andika. Baada ya miezi sita hutakumbuka, na aliyekuandikia programu atakuwa ameshahamia kazi nyingine.

Daftari hilo pia litakulinda na kosa zito: kuwachanganya kwenye jedwali moja waliocheza kabla ya mabadiliko na waliocheza baadaye.

Sema mchezo una kazi gani

Aya ya kwanza ya maelezo iseme mchezo unafanya kazi gani katika utafiti. Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kupima. Sea Hero Quest, uliotolewa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Deutsche Telekom na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Uingereza, ulipima uwezo wa watu kutafuta njia, kwa kuwa uwezo huo huweza kudhoofika mapema kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mchezaji huonyeshwa ramani yenye vituo vilivyopewa namba, ramani inaondolewa, kisha anaendesha mashua kuvifikia vituo hivyo kwa mpangilio. Ona jinsi sentensi moja inavyotosha kukuonyesha kitendo chenyewe.

Ya pili ni kubadilisha kitu ndani ya mtu. NeuroRacer, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na kuripotiwa mwaka 2013, uliwafanya watu wa miaka 60 hadi 85 waendeshe gari kwenye barabara yenye kona huku wakijibu alama zinazochomoza ghafla. Walifanya mazoezi kwa jumla ya saa 12 katika muda wa mwezi mmoja. Hapo mchezo wenyewe ndio dawa, na dawa huelezwa kwa kipimo chake: dakika ngapi kwa kikao, vikao vingapi, kwa muda gani, na nani alikamilisha.

Ya tatu ni kuwaomba wachezaji watoe jibu. Foldit, wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, huwapa watu umbo la protini walikunje, na mwaka 2011 wachezaji wake walisaidia kupata muundo wa kimeng'enya cha kirusi kinachowasababishia nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Katika kazi hii, kinachotakiwa kuelezwa zaidi ni jinsi majibu yalivyokusanywa na kuhakikiwa.

Ukishataja kazi, maelezo mengine yanajipanga. Anayepima atoe nafasi kubwa kwa alama na makosa yake. Anayetibu aeleze kundi la ulinganishi. Wengi wa watafiti wa huku tunapima, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kanuni kamili, bila kumtegemea msomaji azijue

Mtu akiandika "washiriki walicheza bao", Mswahili yeyote anaona picha kichwani, na hapo ndipo hatari ilipo. Ubao una mashimo 32 na kete 64, sawa. Lakini je, ni bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili? Au ni bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akanamua, yaani akaziingiza ubaoni moja moja, hadi zimwishie ndipo aingie mtaji, hatua ya kucheza kwa kete za ubaoni pekee? Mzigo wa kumbukumbu katika michezo hiyo miwili si mmoja. Mtafiti aliyepima umakini kwa mmoja hawezi kulinganishwa na aliyetumia mwingine, ingawa ripoti zote mbili zinasema "bao".

Ikiwa mchezo wa karne nyingi unahitaji ufafanuzi huo, mchezo uliozaliwa mwaka jana kwenye kompyuta yako unauhitaji zaidi. Andika hali ya mwanzo. Andika kila kitendo ambacho mchezaji anaruhusiwa kufanya na kila anachokatazwa. Andika kinachofuata baada ya kila kitendo, na mchezo unaishaje. Pia andika kinachotokea mtu asipofanya lolote, jambo ambalo karibu kila ripoti hulisahau. Je, skrini husubiri milele? Hupita baada ya sekunde 30? Ikipita, chaguo gani linahesabiwa?

Mfano: Nyanya za Kesho

Nitatumia mchezo wa mfano niliouandaa kwa ajili ya mwongozo huu tu. Tuuite Nyanya za Kesho. Tuseme unapima jinsi wachuuzi wa mboga wa Nairobi wanavyokabili hatari ya hasara. Haya ndiyo maelezo ambayo ningependa kuyakuta kwenye tasnifu:

"Mchezo una siku 20. Kila siku mchezaji hupewa shilingi 1,000 za mchezo. Huchagua kununua makreti ya nyanya, kuanzia 0 hadi 5, kila kreti kwa shilingi 200. Akigusa kitufe cha kuthibitisha hawezi kubadilisha. Baada ya sekunde mbili skrini inaonyesha jua au mvua. Kukiwa na jua, makreti yote huuzwa kwa shilingi 320 kila moja. Kukiwa na mvua, kreti moja tu huuzwa kwa bei hiyo, na yanayobaki huoza. Pesa za siku hiyo, yaani mtaji ambao haukutumika pamoja na mauzo, huonyeshwa kwa sekunde nne. Siku inayofuata huanza upya na shilingi 1,000. Pesa za jana hazitumiki leo. Hakuna kikomo cha muda wa kuchagua."

Ni sentensi chache tu, lakini angalia msomaji anaweza kufanya nini nazo. Tukisema mvua hunyesha kwa uwezekano wa 3 kati ya 10, anapiga hesabu mwenyewe. Kreti la kwanza linaleta faida ya shilingi 120, mvua au jua. Kila kreti linalofuata linaleta 120 kukiwa na jua na hasara ya 200 kukiwa na mvua, yaani wastani wa faida ya shilingi 24. Kwa hiyo anayetazama wastani pekee atanunua makreti 5 kila siku, na anayeogopa hasara atasimama kwenye moja. Msomaji ameshaona kwa nini idadi ya makreti inaweza kuitwa kipimo cha kukabili hatari. Anaweza pia kuona udhaifu wake: anayenunua 0 anaacha faida ya hakika, kwa hiyo 0 pengine ni dalili kwamba mtu hakuelewa, si kwamba anaogopa. Mhakiki mwerevu atauliza swali hilo, na ni heshima kwa kazi yako kwamba ameweza kuliuliza.

Andika pia umbo la malipo hayo kwenye jedwali dogo: chaguo sita upande mmoja, jua na mvua juu. Anayenunua makreti 5 hubaki na shilingi 1,600 kukiwa na jua na 320 kukiwa na mvua. Anayenunua moja hubaki na 1,120 kwa vyovyote vile. Jedwali la namna hii linafaa kuliko picha tatu za skrini zenye rangi.

Bahati ilipangwaje?

"Uwezekano wa 3 kati ya 10" unaweza kumaanisha mambo matatu tofauti. Huenda kompyuta ilipiga kura upya kila siku, hivyo mchezaji mmoja akakutana na mvua mara mbili na mwingine mara tisa. Huenda ulihakikisha siku 6 kati ya 20 zina mvua, ukachanganya mpangilio. Au wote walikutana na orodha moja, siku zilezile za mvua. Kila njia ina faida zake, ila mtu aliyenyeshewa siku mbili za mwanzo hucheza tofauti na aliyeona jua juma zima. Sema ni ipi. Kama ulitumia orodha moja, iambatishe.

Eleza pia kama mchezaji aliambiwa uwezekano huo au aliachwa aujifunze mwenyewe. Hili si jambo la pembeni. Utafiti wa Hertwig, Barron, Weber na Erev wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu wanaoelezwa uwezekano kwa maneno hulipatia tukio la nadra uzito mkubwa, na wanaojifunza kwa kuonja matokeo wenyewe hulipatia uzito mdogo. Michezo miwili yenye hesabu zilezile inaweza kutoa majibu yanayopingana kwa sababu hiyo tu.

Maneno, jina na hadithi

Ambatisha kila neno ambalo mshiriki alilisoma au kulisikia, katika lugha aliyoisikia. Kama maelekezo yalitolewa kwa Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza iliyo kwenye tasnifu haitoshi, kwa sababu hakuna mshiriki aliyeisikia. Kama msaidizi alikuwa akiingiza Sheng ili vijana wa Mathare au Umoja waelewe, andika hivyo, na uweke maneno yenyewe kutoka kwenye rekodi. Usiyasafishe ili yapendeze kwa watahini.

Jina la mchezo nalo ni sehemu ya maelekezo. Mwaka 2004 Liberman, Samuels na Ross waliripoti kwamba mchezo mmoja wa ushirikiano, wenye malipo yaleyale, ulichezwa tofauti kabisa ulipobadilishwa jina: ulipoitwa wa Wall Street, mtaa wa masoko ya fedha wa New York, takriban theluthi moja walishirikiana raundi ya kwanza, ulipoitwa wa jamii, takriban theluthi mbili. Nyumbani tuna ushahidi unaotugusa zaidi. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Tana River mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wenyewe waliutambua mara moja kama harambee. Hawakuwa wakicheza kitu kigeni. Walikuwa wakifanya jambo lenye desturi, sifa na aibu zake. Mtafiti ambaye hangeliandika hilo angetuachia namba tusizoweza kuzielewa.

Kwa hiyo waulize washiriki mwishoni: "Mchezo huu umekukumbusha nini?" Andika majibu. Nyanya za Kesho ukichezwa na mama mboga wakati wa masika, wiki ambayo barabara ya kwenda kibandani kwake imejaa maji, mvua ya kwenye skrini haitakuwa mchoro tu kwake. Tarehe za ukusanyaji wa data ziwe karibu na maelezo ya mchezo, zisizikwe kwenye kiambatisho.

Picha za skrini ziwe chache na za maana: anachokiona kabla ya kuchagua, anachokiona akichagua, na anachokiona baada ya matokeo. Eleza sauti, rangi na wahusika iwapo vinaweza kumsukuma mtu. Kelele za kushangilia baada ya faida ni sehemu ya kipimo.

Kutoka kidole hadi namba

Hii ndiyo sehemu ninayoomba uipe muda mwingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayounganisha mchezo na matokeo, na ndiyo huachwa tupu.

Anza na data ghafi. Programu ilirekodi nini kila mara? Katika mfano wetu: namba ya mshiriki, siku ya mchezo, kila idadi aliyoigusa kabla ya kuthibitisha, idadi ya mwisho, saa ya kila mguso, hali ya hewa iliyotokea, na pesa zilizobaki. Toa orodha ya vigeu vyote pamoja na maana ya kila kimoja. Msomaji aone kwamba uliweka pia miguso iliyobadilishwa, kwani mtu aliyegusa 5 akarudi 2 amekuambia jambo ambalo aliyegusa 2 moja kwa moja hakukuambia.

Kisha eleza alama ilivyotengenezwa kutokana na data hiyo. "Kiwango cha kukabili hatari" hakipo kwenye faili, ulikitengeneza. Ni wastani wa makreti kwa siku zote 20? Siku za mwanzo za kuzoea zimetolewa? Kuna mfano mzuri wa jinsi uamuzi huu unavyobeba maana. Katika jaribio la baluni la Lejuez na wenzake la mwaka 2002, mchezaji hupampu baluni, kila pampu ikimpa senti tano, na baluni ikipasuka anapoteza pesa zake za baluni hiyo. Watafiti hawakutumia wastani wa pampu zote. Walihesabu baluni zisizopasuka pekee, kwa sababu inayopasuka humkatiza mtu kabla hajafika alikotaka. Katika Nyanya za Kesho mtu huchagua kabla ya mvua, hakatizwi, kwa hiyo hatuhitaji marekebisho hayo. Sentensi moja inayosema hivyo inamwonyesha msomaji kuwa ulifikiri.

Ukiripoti muda wa kujibu, eleza uwezo wa kifaa. Skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde hubadilika kila milisekunde 16.7 hivi, na mguso wenyewe huchukua muda kusajiliwa. Kwa anayelinganisha sekunde tatu na sekunde saba hilo si kitu. Kwa anayedai tofauti ya milisekunde 15 kati ya makundi mawili yaliyotumia simu za aina tofauti, dai lote linaweza kuwa la simu na si la watu.

Nani alielewa, nani amezoea skrini

Eleza mazoezi: raundi ngapi, zilihesabiwa au la, na msaidizi aliruhusiwa kusema nini. Weka maswali ya kupima uelewa jinsi yalivyoulizwa. Kwa mfano: "Ukinunua makreti matatu na mvua inyeshe, mangapi yataoza?" Sema mtu aliyekosea alirudishiwa maelezo mara ngapi, na wangapi waliondolewa. Kanuni ya kuwaondoa iwe imeandikwa kabla hujaona matokeo, na useme hivyo.

Halafu kuna uzoefu wa vifaa. Katika ukumbi mmoja wa Kawangware utakuta kijana anayecheza michezo ya simu kila siku ameketi kando ya bibi ambaye simu yake ni ya vitufe. Tofauti ya alama zao inaweza kuwa ya vidole. Watafiti wa Sea Hero Quest walilishughulikia hili kwa busara: viwango vya mwanzo, ambavyo havikuhitaji kutafuta njia, vilionyesha mtu ana wepesi gani wa kuendesha mashua, na alama za viwango vilivyofuata zikarekebishwa kwa kuzingatia hilo. Baadaye walionyesha kwamba alama hizo zinaendana na uwezo wa kutafuta njia kwa miguu katika mitaa ya London na Paris. Weka nawe kazi fupi ya kugusa shabaha kabla ya mchezo, na uripoti matokeo yake. Kama huna ushahidi kwamba alama za mchezo wako zinaendana na maisha ya nje, sema wazi kuwa bado hazijahakikiwa hivyo.

Toleo la ulinganishi na ugumu unaobadilika

Ukilinganisha matoleo mawili ya mchezo, usieleze la kwanza kwa kurasa mbili na la pili kwa maneno "toleo la kawaida". Andika kinachofanana na kinachotofautiana. Katika NeuroRacer kundi moja liliendesha gari na kujibu alama kwa pamoja, lingine lilizifanya kazi hizo moja moja, na la tatu halikucheza kabisa. Msomaji anajua papo hapo kila ulinganisho unajibu swali gani.

Mchezo unaojirekebisha kulingana na mchezaji unahitaji kanuni yake iandikwe: ulianzia kiwango gani, unapanda na kushuka kwa hatua gani, na unalenga kiwango gani cha kufaulu. Bila hiyo, wachezaji wawili wenye alama sawa huenda walicheza michezo miwili tofauti.

Mahali, watu na malipo

Taja aina ya kifaa, ukubwa wa skrini, toleo la mfumo, na kama mtandao ulihitajika. Eleza chumba: watu wangapi kwa wakati mmoja, waliweza kuoneana skrini, kulikuwa na kelele. Stima ikipotea katikati ya kikao, sema data ya siku hiyo ilifanywa nini. Mwelezee msomaji msaidizi wa utafiti pia, lugha anazozungumza, na kama ni mtu wa mtaa huo. Washiriki wengi hawataki kuonekana wanapoteza pesa mbele ya jirani.

Malipo yaelezwe hadi senti. Katika mfano wetu: mwishoni siku moja kati ya 20 huchaguliwa kwa kura mbele ya mchezaji, pesa zilizobaki siku hiyo hugawanywa kwa 4, na hulipwa kwa M-Pesa siku hiyohiyo pamoja na nauli isiyotegemea mchezo. Aliyenunua makreti 5 akaangukia mvua anapata shilingi 80, na akiangukia jua anapata 400. Sema kama alijua utaratibu huu kabla ya kucheza. Anayecheza akijua kila siku inaweza kuwa ndiyo ya malipo hachezi kama anayedhani yote yatajumlishwa.

Namba ya simu ya M-Pesa ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Eleza kwamba uliiweka kwenye faili tofauti na data ya mchezo, na uliifuta lini. Kwa watoto, ridhaa ya mzazi au mlezi ni lazima. Namba ya idhini ya kamati ya maadili na ya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ziandikwe, na uhakikishe mchezo walioidhinisha ndio uliochezwa. Ukibadilisha malipo baada ya idhini, kamati ijulishwe.

Uhifadhi mchezo wenyewe

Maelezo mazuri hayaondoi haja ya mchezo. Ipe kila hatua namba ya toleo, na utaje lile lililochezwa na washiriki pamoja na toleo la Unity, Godot au oTree (programu ya kuendeshea majaribio ya maamuzi) lililotumika. Weka msimbo, picha, sauti, orodha za bahati na maelekezo kwenye hifadhi ya kudumu kama Zenodo au OSF, ambazo zitakupa DOI, kitambulisho cha kudumu cha kazi iliyo mtandaoni, cha kuweka kwenye tasnifu. Kiungo cha folda yako binafsi ya mtandaoni hakidumu. Kama mtengenezaji programu ana haki juu ya msimbo, mkubaliane kwa maandishi mapema kuhusu leseni. Weka pia video ya dakika mbili tatu ya mchezo ukichezwa, bila sura wala sauti ya mshiriki. Tableti za leo zitakapokataa kufungua programu yako, video hiyo bado itafunguka.

Mpe mtu asiyeujua

Kabla ya kuwasilisha, chukua kurasa zako za maelezo umpe mwenzako ambaye hajawahi kuuona mchezo. Usimweleze lolote. Mpe karatasi, sarafu chache na punje za mahindi, kisha mwombe amchezeshe mtu wa tatu Nyanya za Kesho kwa kufuata maandishi tu. Wewe kaa kando na kalamu, ukinyamaza. Kila anapoinua macho kukuuliza, usimjibu, andika swali. "Pesa za jana zinaongezwa?" "Akichagua sifuri naendelea?" "Kura ya mvua naipiga mimi au yeye?" Majibu ya maswali hayo ndiyo sentensi zilizokosekana. Ziingize, kisha mtafute mwenzako mwingine na urudie zoezi.

Zikifika kurasa nyingi kuliko jarida linavyoruhusu, weka ndani ya makala kazi ya mchezo, aya ya mzunguko mmoja, jedwali la malipo, jinsi alama ilivyotengenezwa na kanuni ya kuondoa washiriki. Mengine yote yaende kwenye kiambatisho chenye DOI, na kila sehemu ya makala inayoyagusa itaje ukurasa yalipo.